Fundi Tuliyembeba Siku Mbili

Ndugu zangu, mama zangu, nawasalimu nyote. Namshukuru Mungu aliyenifikisha hapa leo nikiwa na sauti, maana kwenye gari mke wangu ameniuliza mara mbili, "Utaweza kweli?" na mara zote mbili nikajifanya natafuta kituo cha redio.

Mchungaji aliponiomba nisimame mbele yenu, nilimwambia anipe wiki moja. Baadaye nikaomba wiki nyingine. Leo ni wiki ya sita. Anacheka pale, lakini anajua ni kweli.

Kabla sijaanza, niseme mambo mawili. La kwanza, sitamtaja mtu kwa jina. Wapo waliomo katika habari hii ambao wamekaa humu ndani na wameniruhusu niseme, lakini majina yao ni mali yao. La pili, ndugu zetu wa Kenya na Tanzania mnivumilie. Kiswahili changu kilizaliwa Kongo, kikanyooshwa kidogo kambini Kigoma, kikaja kuvurugika tena hapa Birmingham. Nikikwama mahali, nisaidieni.

Wengi mnanijua kama yule baba wa Hodge Hill anayekuja mapema kupanga viti. Mnajua mke wangu anapika vizuri. Hamjui kwamba nilikuwa askari. Nimekaa nanyi miaka minane na sikuwaambia.

Sikuingia jeshini kwa ushujaa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nina meza yangu sokoni, na vita ya sisi kwa sisi ilikuwa bado habari ya redioni. Siku moja malori mawili yakaegeshwa penye geti la soko, na sisi vijana wote tuliokuwa ndani tukapandishwa. Tulifundishwa kwa wiki tatu. Kisha tukawa kikosi cha askari wa miguu. Na nawaambia, jina hilo lilitufaa. Tulikwenda vitani kwa miguu, tukapigana kwa miguu, na tulipokimbia, tulikimbia kwa miguu hiyohiyo. Viatu vyangu vilikuwa namba arobaini na moja upande mmoja na arobaini na tatu upande mwingine.

Humo kikosini nilimkuta mtu mmoja ambaye nitamwita fundi, kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita. Alikuwa fundi cherehani kabla ya vita, mkubwa wangu kwa miaka kumi hivi. Walimchukua akiwa na futi ya kupimia shingoni. Sindano alikuwa anaichomeka ndani ya kofia yake ya kijeshi, na uzi ameuzungushia hukohuko. Tukipumzika, wengine wanasafisha bunduki, yeye anakusanya mashati. Hakuomba malipo. Alikuwa hawezi tu kumwona mtu amevaa nguo isiyo na kifungo. Ilimuuma kama wewe unavyoumwa na jino.

Na alikuwa na maneno huyo! Alikuwa akikutazama mara moja, anakwambia, "Mkono wako wa kushoto umezidi wa kulia kwa vidole viwili. Mama yako hakukwambia?" Siku moja alimwambia komanda mbele ya watu, "Mkubwa, vita inakukondesha. Nipe hiyo suruali niipunguze kabla haijakuaibisha mbele ya adui." Sote tukajifanya tunasafisha bunduki. Komanda akamtazama, akamtazama, halafu akaenda nyuma ya mti akaivua.

Mimi nilikuwa naogopa kila kitu, ndugu zangu. Fundi alikuwa ananiweka karibu naye. Hakuwahi kuniambia "usiogope". Alikuwa ananipa kazi. "Nishikie huu uzi." Basi nikishika uzi, mikono inatulia. Alinizungumzia mke wake, jinsi alivyokuwa akimletea chai barazani pa duka la chumvi alipokuwa anashonea, na mtoto wao wa kike ambaye alimwacha bado anatambaa.

Sitawaficha kitu. Kikosi chetu hakikuwa cha malaika. Tulikaa wiki nzima bila chakula, na tulipopita kijijini, kuku wa watu walipungua. Mbuzi pia. Mimi nilikula. Nimetubu, lakini nilikula, na sitaki mnione kama mtu aliyepita katikati ya matope akatoka mweupe.

Tuliwekwa juu ya kilima kimoja tukilinde. Mvua ilinyesha siku baada ya siku mpaka tukawa tunasimama ndani ya mahandaki maji yakiwa magotini. Siku waliyotushambulia, ilikuwa mapema, chai haijachemka. Sitaeleza vita yenyewe. Humu kuna watoto, na pia sina la kuwafundisha kuhusu risasi. Itoshe kwamba amri ilikuja ya kurudi nyuma, na katika kurudi huko fundi akapigwa paja.

Tulimrudia tukiwa wanne. Tulivua makoti mawili, tukayafunga vifungo, tukapitisha mianzi miwili ndani ya mikono ya makoti. Ikawa machela. Fundi alilala juu yake, uso umekuwa wa majivu, na bado alikuwa na la kusema: "Mnaona? Vifungo vyangu havikatiki." Na havikukatika, nawaapia. Mwanaume mzima, siku nzima, na hakuna kifungo hata kimoja kilichotoka.

Siku ya kwanza tulikuwa wanne. Kufika jioni mmoja wetu alishikwa na homa akawa anajikokota mwenyewe. Asubuhi ya pili, mwingine hatukumwona. Simlaumu. Tukabaki wawili wa kubeba, na machela ya watu wawili kwenye mteremko wenye utelezi haiendi. Basi nikambeba fundi mgongoni, mwenzangu akabeba bunduki zote. Alikuwa ananipumulia shingoni. Kila nilipoteleza alikuwa ananiomba radhi. Yeye ndiye aliyeumia, na yeye ndiye aliyekuwa anasema, "Samahani, samahani."

Mchana tukafika mtoni, mto umefurika. Daraja lilikuwa limekwenda na maji. Wenzetu walikuwa wamevusha kamba, wanapita mmoja mmoja, maji yanawafika kifuani. Sajini akanitazama mimi, akamtazama niliyembeba, akasema, "Huyo havuki. Utakufa naye, na kamba utatukatia."

Hapo karibu palikuwa na nyumba moja. Watu wote wa kijiji walikuwa wamekimbia isipokuwa bibi mmoja ambaye miguu yake ilikuwa imeishiwa nguvu. Nilimjua. Wiki chache kabla, askari wa kikosi chetu walikuwa wamemchukulia mbuzi, na mimi nilikuwepo. Nilisimama mlangoni pake na fundi mgongoni, nikawa sina uso wa kumwomba chochote. Yeye akauliza tu, "Ameumia wapi?" Akatandika mkeka wake jikoni, karibu na moto.

Nilimwacha fundi hapo. Nilimwambia, "Nitarudi Jumapili." Akasema, "Sawa." Nikatoka.

Jumapili sikurudi. Mto ulikuwa haujapungua, na ng'ambo ile ilikuwa imeshikwa na wale tuliokuwa tunapigana nao. Nilikwenda mpaka ukingoni, nikasimama, nikarudi. Nilikuja kuvuka baada ya mwezi mzima. Paa la jikoni lilikuwa limeanguka ndani. Hapakuwa na mtu. Niliita, nikazunguka, nikaita tena.

Wiki hiyo nilivua gwanda nikashuka ziwani, nikavuka kwenda Tanzania. Kambini nikampata mke wangu huyu. Watoto wakaja. Baada ya miaka mingi tukaletwa hapa, tukapewa nyumba Hodge Hill, nikapata kazi kwenye bohari moja kule Aston. Mke wangu alijua kwamba nilikuwa jeshini. Habari ya fundi hakuijua. Nilikuwa nimeizika, nikapanda maisha juu yake, na maisha yakaota.

Sasa, miaka miwili iliyopita, katika ukumbi huuhuu, wageni waliombwa wasimame wajitambulishe. Akasimama mama mmoja na binti yake, mtu mzima. Akasema wamehamia Great Barr kutoka mji mwingine. Akataja kwao. Akasema ni mjane, mume wake alikuwa fundi cherehani, akachukuliwa na jeshi, hakurudi. Na akalitaja jina la mumewe lote, la kwanza mpaka la mwisho, kama mtu anayeita.

Ninyi mlisema "Karibu." Mlipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa safu mbili nyuma yake, na nilihisi ule mgongo wangu umepata mzigo tena.

Ndugu zangu, ingekuwa rahisi, sivyo? Simama, mwambie. Lakini ningemwambia nini? Kwamba mumeo nilimwacha kwenye mkeka wa bibi mmoja nikaahidi Jumapili? Nilimsalimu kila wiki. "Bwana asifiwe, mama." "Amina, kaka." Miezi ikapita. Baadaye nikaanza kukosa ibada. Nilimwambia mchungaji kazini wamenibadilishia zamu. Huo ulikuwa uongo.

Kazini nako nikaanza kuharibika. Siku za mechi, kelele za uwanjani pale Aston zilikuwa zinanifikia mpaka ndani ya bohari, na nilikuwa najificha nyuma ya maboksi hata nikijua ni goli tu. Kisha siku moja rundo la paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, likaanguka nyuma yangu. Paa! Nilijikuta nimelala chini ya rafu, nimefunika kichwa, napiga kelele kwa Kiswahili, "Lala chini! Lala chini!" Nilipofungua macho, wenzangu walikuwa wamenizunguka, wapole kabisa, hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa ameninyooshea chupa ya maji. Ule upole wao ndio ulionishinda. Nilichukua koti langu nikaondoka, na sikurudi tena.

Mke wangu sikumwambia. Asubuhi alikuwa ananifungia chakula kwenye bakuli lake la plastiki lenye mfuniko wa bluu, ananiaga, nami natoka. Nawaambia wanaume wenzangu mnisikie vizuri, maana najua siko peke yangu. Nilikuwa nakwenda kupanda lile basi linalouzunguka mji wote. Mnalijua. Linapita Hodge Hill, linakwenda linazunguka, na baada ya saa mbili na zaidi linakurudisha palepale ulipopandia. Nilikuwa nakaa ghorofa ya juu, mbele, nazunguka Birmingham. Nikimaliza mzunguko mmoja naanza mwingine. Chakula nakilia humo. Nilianza pia kununua bia za kopo, nazificha ndani ya mkono wa koti. Wiki tano nilifanya hivyo. Saa ya kutoka kazini ikifika, narudi nyumbani nasema nimechoka. Na kweli nilikuwa nimechoka.

Wiki ya tano, basi likasimama Perry Barr, nikasikia viatu vinapanda ngazi, na sauti nyuma yangu ikasema kwa furaha, "Eh! Kaka yangu! Bwana asifiwe!"

Alikuwa ni yeye. Mjane wa fundi. Basi zima liko tupu, na yeye akaja akakaa kiti cha pembeni yangu. Akaniuliza hali ya mke wangu. Akasema, "Tumekukosa kanisani, tunakuombea." Ananitazama usoni kwa macho mema kabisa.

Niliinuka. Sikusema neno. Nilishuka zile ngazi basi likiwa bado linakwenda, nikabonyeza kengele kama mwendawazimu, nikashuka kituo kilichofuata kwenye mvua. Nilikuwa nimefika mbali ndipo nikakumbuka kwamba bakuli la mke wangu limebaki kitini.

Nilipofika nyumbani, bakuli lilikuwa mezani. Limeoshwa. Mke wangu amekaa mbele yake, mikono ameikunja.

Akasema, "Yule mama wa Great Barr amekuja kuliacha. Kauliza kama amekukosea."

Nikavua koti lililolowa.

"Baba, mtu ambaye yuko kazini Aston, bakuli lake linafanya nini kwenye basi la Perry Barr saa tano asubuhi?"

Nikalitundika nyuma ya mlango. Sasa hapo mke wangu angeweza kupiga kelele, na angekuwa na haki. Wakati ule alikuwa na mashaka mengine, mnaelewa, mashaka ambayo mke yeyote angekuwa nayo. Akaniuliza moja kwa moja, "Kuna nini kati yako na yule mama?"

Nikasema, "Nilimtupa mume wake."

Nilimweleza yote palepale, jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema "pole". Aliniambia, "Kesho tunakwenda kwa daktari. Mimi nitakuwa nimekushika mkono, na ukitoroka, utatoroka na mimi."

Daktari wa mtaa wetu alinipeleka kwa mama mmoja Mwingereza, mshauri wa watu waliopitia vita. Kiingereza changu cha bohari hakikuweza kubeba mambo hayo, kwa hiyo wakaleta mkalimani. Alikuwa dada Msomali aliyekulia Garissa. Mara ya kwanza nilipomwona nilikataa kusema. Nilifikiri, huyu ataipeleka habari yangu kwa watu. Akaniambia, "Kaka, yanayosemwa humu, mimi nikitoka siyabebi." Ilinichukua vikao vitatu kumwamini.

Kikao cha nne nikasimulia mpaka mtoni. Nikafika penye nyumba ya yule bibi, nikasema neno langu lilelile nililomwambia mke wangu, nililojiambia kila siku kwa miaka yote: "Nilimtupa."

Mkalimani aliweka kalamu chini. Hakutafsiri. Akamwomba yule mshauri ruhusa kwa Kiingereza, kisha akanigeukia.

"Kaka, samahani. Nataka nilifasiri sawasawa, kwa sababu kwa Kiingereza haya ni maneno mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Ulimtupa, ama ulimtua?"

Nikamwambia, "Kuna tofauti gani?"

Akafikiri kidogo. Akasema, "Mtu akitupa kitu, haangalii kinaangukia wapi. Akikitua, anainama. Wewe uliinama?"

Ndugu zangu.

Subirini kidogo.

Niliinama. Miaka yote nilikuwa sijalikumbuka hilo. Nilipiga magoti kwenye udongo wa lile jiko, nikageuka polepole ili paja lake lisiguse chini, na yule bibi akashika kichwa chake kwa mikono yote miwili, tukamlaza kama anavyolazwa mtoto. Nilimvua kofia, kwa sababu ya ile sindano, isije ikamchoma. Nikaiweka pembeni yake. Nilikumbuka yote. Nilimwambia yule dada, "Niliinama." Nikalia mpaka mshauri akasimamisha kikao, na mkalimani naye akawa anafuta macho, ingawa kazi yake haimruhusu.

Toka siku hiyo nikajua kwamba lazima nimwambie mwenyewe. Yule mshauri hakunisukuma. Alinishauri tu nisiende peke yangu.

Tulikwenda Great Barr Jumapili moja mchana, mimi na mke wangu. Binti yake alikuwepo, ni muuguzi, ametutengea chai. Nilikataa kukaa kwenye kochi, nikakaa kwenye kiti cha mbao. Nikasema, "Mama, mumeo nilikuwa naye kikosi kimoja. Mimi ndiye niliyemwacha." Kisha nikasimulia, kilima, makoti, mto, mkeka, Jumapili. Sikujitetea popote. Binti yake alikuwa anasikiliza amefumba macho. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

Nilipomaliza, yule mama aliinuka akaingia jikoni. Tukasikia bomba la maji linafunguliwa. Maji yakamwagika muda mrefu. Mke wangu akanishika goti.

Aliporudi alisimama mlangoni. Akauliza, "Huko jeshini walikuwa wanakuitaje?"

Nikamwambia, "Sabuni. Kwa sababu kabla ya vita nilikuwa nauza sabuni sokoni."

Akashika fremu ya mlango. "Sabuni," akasema. "Sabuni ni wewe."

Akatueleza kwamba vita ilipotulia, mpwa wa yule bibi alitembea mpaka mjini kwao, akauliza barazani pa duka la chumvi mke wa fundi ni nani. Alikuwa ametumwa na shangazi yake. Alileta habari yote. Kwamba fundi aliishi siku tisa. Kwamba yule bibi, yuleyule tuliyemlia mbuzi wake, alimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi na kumlisha uji kwa kijiko. Kwamba fundi, akiwa amelala, alimshonea magauni yake yote yaliyochanika. Kwamba alikufa mchana, na mpwa huyo, aliyekuja kumhamisha shangazi yake, alimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kwa heshima.

Nikamuuliza kitu kimoja tu. "Jumapili ilipofika, alinisubiri?"

Akasema, "Jumapili alimwomba bibi afungue mlango auone mto. Bibi akafungua. Akatazama maji, akasema, 'Sabuni hawezi kupita leo. Funga, baridi inaingia.'"

Hakuwahi kunilaumu, ndugu zangu. Alijua. Na alimwambia bibi amfikishie mkewe kwamba mtu anayeitwa Sabuni alimbeba mgongoni, na akimwona amshukuru. Huyu mama alikuwa amenitafuta miaka yote. Aliuliza kambini Burundi, akauliza Uvira, watu wakimcheka: nani anaitwa Sabuni? Alikuwa ananiombea kila siku kwa jina hilo, na mimi nimekaa safu mbili nyuma yake namkimbia.

Msidhani hapo tulikumbatiana mambo yakaisha. Alikasirika. Alisema, "Miezi kumi na minne! Miezi kumi na minne unanipa mkono na maneno ya mume wangu umeyafungia tumboni!" Akatuomba tuondoke. Tukaondoka na chai hatujainywa. Wiki tatu hakunisalimu, na nilisema moyoni, ni haki yake.

Wiki ya nne simu ikalia. Akasema, "Shemeji." Nilidhani amekosea namba. Akasema tena, "Shemeji, Jumamosi uje. Mtoto wa ndugu yako ana maswali."

Binti alikuwa ameyaandika kwenye simu yake. Aliuliza kwa Kiingereza, nami nikajibu kwa Kiswahili, mama yake na mke wangu wakisaidia. Baba yake alikuwa mrefu? Alikuwa anachekesha? Nikamweleza habari ya suruali ya komanda, akacheka mpaka akainama. Mama yake alisema hicho ni kicheko cha baba yake, na mimi nikasema, ndiyo, ndicho. Swali la mwisho lilikuwa kama alikuwa mzito.

Nikamwambia ukweli. Siku ya kwanza alikuwa mzito sana. Siku ya pili sikuhisi uzito wake tena, nilihisi pumzi yake tu, na nilikuwa natembea kwa kuifuata hiyo.

Sasa nashukuru. Mke wangu, simama wakuone. Hataki, basi. Namshukuru yule dada mkalimani, si wa kanisa hili wala wa dini yetu, lakini swali lake moja lilinitoa shimoni. Nawashukuru wenzangu wa bohari, nimerudi kwao, nafanya nao kazi mpaka leo. Namshukuru yule bibi, ambaye hatukumwachia kitu na akatupa mkeka wake. Na wewe shemeji yangu, uliyekasirika kwa haki na ukapiga simu hata hivyo, sina neno la kukutosha.

Siwezi kusema nimepona kabisa. Mlango ukipigwa kwa nguvu bado naruka. Pombe nimeiacha, mwezi huu ni wa kumi na moja. Lakini nimejifunza jambo moja, na ndilo nililosimamia hapa. Usijihukumu peke yako kwa neno ulilolichagua ukiwa na hofu. Mpelekee mtu mwingine habari yako nzima, aitazame. Huenda mtu unayemkimbia ndiye aliyebeba nusu yake ambayo wewe huijui.

Najua katika chumba hiki wapo wengine waliovaa gwanda, upande wetu au ule mwingine, na wapo waliokimbia mbele yetu. Sitauliza ulikuwa upande gani. Ibada ikiisha nitakuwa pale kwenye meza ya chai. Njoo usimame karibu nami. Huna haja ya kuanza na siku ile mbaya. Nieleze kwanza mtu wako alikuwa anachekeshwa na nini.